Kura 62, kisha kura 22: jinsi Cape Town ilivyoikosa Olimpiki ya 2004

Ijumaa ya Septemba 5, 1997, mjini Lausanne, Uswisi, wajumbe 62 wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa waliichagua Cape Town. Siku hiyohiyo, katika kikao hichohicho, idadi yao ikashuka hadi 22, kisha 20, na Cape Town ikatolewa. Michezo ya Olimpiki ya 2004 ikaenda Athens.

Wale wajumbe 40 walikwenda wapi? Swali hilo nimelibeba tangu nikiwa kidato cha pili. Mwaka huu nimelirudia kwa sababu vijana wa hapa Mwanga, Kigoma, wameandika barua wanayotaka kuipeleka kwa wakubwa wa michezo. Barua yenyewe nitaifikia baadaye. Kwanza kisa.

Usiku ule nilikuwa Ujiji, pembeni ya kijiwe cha kahawa, nimetumwa mafuta ya taa na nimechelewa kwa makusudi. Redio ilikuwa ya betri, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Wiki nzima ilikuwa imejaa kifo cha Princess Diana, na jioni ileile ikaongezeka habari ya Mama Teresa. Katikati ya misiba hiyo miwili mtangazaji akapitisha sentensi chache: Athens imeishinda Roma, Cape Town ilishatolewa kabla. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, ambaye watoto wote wa mtaa tulimwamkia "shikamoo babu" ingawa hakuwa babu wa yeyote pale, aliweka kikombe chini akauliza, "Hata na Mandela?" Hakukinyanyua tena.

Kwa kijana wa leo huenda ikawa vigumu kuelewa kwa nini mzee wa Ujiji aumie kwa ajili ya mji ulio ncha ya mwisho ya bara. Sababu ni kwamba Tanzania iliilipia Afrika Kusini kwa michezo. Mwaka 1976 nchi za Kiafrika zaidi ya 20 zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza na makaburu, iliachwa ishiriki. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizosusia. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 kule Christchurch mwaka 1974, hakukimbia, na dhahabu ya mbio hizo ikavaliwa na John Walker wa New Zealand. Bayi alikuja kupata fedha Moscow 1980 katika mbio za kuruka viunzi na maji, lakini ile ya Montreal haikurudi. Wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walikuwa na makazi na shule Mazimbu, Morogoro. Kwa hiyo Cape Town ilipoomba uenyeji, kizazi cha mzee yule kiliona kama mtoto waliyemsomesha ndiye anayeomba kazi.

Na Kigoma ya 1997 ilikuwa na uchungu wake wa ziada. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilikuwa haijatimiza mwaka, imejaa watu waliovuka ziwa kutoka Zaire, nchi iliyobadili jina Mei mwaka uleule. Habari zote za Afrika zilizotufikia zilikuwa za kukimbia. Hii ya Cape Town ilikuwa habari ya kukaribisha.

Mji wenyewe na ombi lake

Cape Town iliteuliwa mwaka 1994 kuwa mgombea wa Afrika Kusini, ikizipiku Johannesburg na Durban. Kamati ya Olimpiki ya nchi iliongozwa na Sam Ramsamy, mtu aliyetumia miaka mingi uhamishoni akipigania nchi yake mwenyewe ifungiwe michezo hadi ubaguzi uishe. Afrika Kusini ilikuwa imeshiriki Olimpiki mara ya mwisho mwaka 1960, ikafukuzwa uanachama mwaka 1970, ikarudi Barcelona 1992. Aliyelianzisha ombi ni Raymond Ackerman, mwenye maduka ya Pick n Pay, kisha uongozi ukapita kwa Chris Ball, aliyekuwa mkuu wa benki. Hao ni watu wa fedha, na jambo hilo lina maana yake katika kisa hiki: ombi halikuendeshwa na wababaishaji.

Lilichotaka kufanya ndicho kilichonifanya nilipende, na bado nalipenda. Cape Town ni mji uliokatwa vipande kwa makusudi. Mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa wazungu mwaka 1966, na zaidi ya watu 60,000 wakaondolewa na kupelekwa kwenye tambarare za mchanga zinazoitwa Cape Flats, mbali na kazi, mbali na bahari, mbali na usafiri wa uhakika. Waandaaji wakasema Olimpiki iwe kifaa cha kuunganisha vipande hivyo: kumbi na viwanja vya mazoezi vijengwe kwenye maeneo ya wanyonge, usafiri upite huko, na maendeleo ya watu yawe nguzo ya nne ya Olimpiki kando ya michezo, utamaduni na mazingira. Hapakuwa na mji uliowahi kuomba Olimpiki kwa lugha ya namna hiyo. Na hawakungoja kura ili waanze. Ukumbi wa mbio za baiskeli wa Bellville, kwa mfano, ulijengwa wakati ombi likiendelea.

Upepo nao ulikuwa mzuri. Mwaka 1995 Afrika Kusini iliandaa Kombe la Dunia la raga na kulitwaa. Mwaka 1996 ilipokea Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya Kenya kunyang'anywa uenyeji, ikalitwaa pia kwa kuifunga Tunisia 2-0. Mwaka uleule, katika Olimpiki ya Atlanta, Josia Thugwane alishinda marathoni na Penny Heyns akachukua dhahabu mbili za kuogelea. Machi 1997 miji 11 iliyokuwa imeomba ilichujwa ikabaki mitano: Athens, Roma, Stockholm, Buenos Aires na Cape Town. Walioachwa nje ni Istanbul, Lille, Rio de Janeiro, San Juan, Seville na Saint Petersburg. Msomaji aliweke akilini jina la Rio.

Kura zenyewe

Utaratibu ni rahisi. Kura ni ya siri. Kila mzunguko mwenye kura chache zaidi anatolewa, mpaka mmoja apate zaidi ya nusu. Siku ile kura zilikuwa 107.

Mzunguko wa kwanza: Athens 32, Roma 23, Stockholm 20, Cape Town 16, Buenos Aires 16. Miji miwili imefungana mkiani, na mmoja lazima atoke. Ikapigwa kura ya kuvunja sare kati yao wawili tu, na hapo ndipo Cape Town ilipopata 62 dhidi ya 44 za Buenos Aires. Mzunguko wa pili: Athens 38, Roma 28, Cape Town 22, Stockholm 19. Stockholm ikatoka. Mzunguko wa tatu: Athens 52, Roma 35, Cape Town 20. Wa nne: Athens 66, Roma 41.

Chukua karatasi uzifuatilie tarakimu hizi polepole, maana ndani yake mna zaidi ya yaliyomo katika hotuba zote za siku ile. Buenos Aires ilipotoka iliacha kura 16. Ukitazama nyongeza, Athens iliongeza 6, Cape Town 6, Roma 5, na Stockholm ikapungukiwa 1. Yaani mji wa pekee wa Amerika Kusini ulipoondoka, mji wa pekee wa Afrika ulipata kiasi kilekile ilichopata Athens, si zaidi. Ile hoja ya nchi changa kuungana haikuonekana kwenye sanduku.

Kisha Stockholm ikatoka na kura 19. Hapa ndipo Cape Town ilipokufa. Athens iliongeza 14, Roma 7. Cape Town haikuongeza hata moja, bali ilipoteza mbili. Mji ambao dakika chache kabla ulikuwa na watu wa kutosha kuipita Stockholm sasa ulikuwa unakimbiwa. Wajumbe wawili waliokuwa nao waliona jahazi linazama wakaruka.

Sasa rudi kwenye zile kura 62. Zilikuwa jibu la swali gani? Swali lilikuwa: kati ya Cape Town na Buenos Aires, upi ubaki? Wengi wakasema Cape Town. Hawakuulizwa wangependa Olimpiki iende wapi. Walipoulizwa hilo, wengi kati ya wale 62 walikuwa na mji mwingine mioyoni tangu asubuhi. Cape Town ilipendwa na watu wengi kama chaguo la pili, na katika uchaguzi wa aina hii chaguo la pili lina faida pale tu unapobaki hai kwa muda wa kutosha. Ukianza na kura 16 kati ya 107, unaomba wengine wote waanguke ukiwa wewe umesimama.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na maelezo kwamba Cape Town ilipungukiwa na kura chache. Haikuwa karibu. Ilikuwa mji wa nne kwa kura za kwanza, sare na wa tano.

Kijiwe kilivyosema, na nilivyokuja kuona

Pale Ujiji jibu lilikuwa moja: wazungu wamewanyima. Nililiamini kwa miaka mingi, na sitaki kulitupa kirahisi sasa kwa kuwa nimesoma. Miji mitatu kati ya mitano ilikuwa ya Ulaya, na Ulaya ilikuwa na wajumbe wengi kuliko bara lolote. Stockholm ilipotoka, kura zilikwenda kusini mwa Ulaya, hazikuvuka bahari. Anayeangalia hayo na kusema hakuna kitu anajidanganya.

Lakini ile kura ya kuvunja sare inanizuia kuishia hapo. Ilipobaki miji miwili isiyo ya Ulaya, wajumbe wale walichagua wa Afrika, tena kwa tofauti ya kura 18. Hawakuwa na chuki na Cape Town. Walikuwa na jirani wa karibu zaidi wa kumpendelea, na kwa bahati mbaya ya Cape Town jirani huyo alikuwa amejiandaa.

Tuitazame Athens. Mwaka 1990 iliomba Olimpiki ya 1996, ya kutimiza miaka 100 tangu michezo ya kisasa ianze palepale Athens mwaka 1896. Iliomba kama mtu anayedai mirathi: michezo ni yetu, miaka 100 ni yetu, mtupe. Ikashindwa na Atlanta, mji wa Coca-Cola, na Wagiriki wakalia sana. Waliporudi kwa ajili ya 2004, chini ya Gianna Angelopoulos-Daskalaki, walikuwa wamejifunza kushusha sauti. Uwanja mkubwa wa Olimpiki walikuwa nao tangu 1982. Na Agosti 1997, wiki chache tu kabla ya kura, waliandaa mashindano ya dunia ya riadha uwanjani humo. Mjumbe aliyefika Lausanne Septemba alikuwa ameiona Athens ikifanya kazi mwezi uliopita. Roma nayo ilikuwa imeshaandaa Olimpiki mwaka 1960, ile ambayo Abebe Bikila alishinda marathoni bila viatu, na Mwitaliano Primo Nebiolo ndiye aliyekuwa akiongoza riadha ya dunia.

Cape Town ilileta nini mbele ya hayo? Ilileta hoja ya haki. Afrika haijawahi. Nchi imetoka gizani. Michezo itawainua waliodhulumiwa. Kila neno hapo ni kweli, na mimi ningelisema. Shida ni kwamba hoja hiyo inaeleza Olimpiki itaifanyia nini Cape Town. Mjumbe mwenye kura ana wasiwasi mwingine kabisa: mwaka 2004, wanamichezo zaidi ya 10,000 wa michezo 28 wakishuka kwa pamoja, vitanda vipo? Mabasi yatafika? Mtu akitoka hotelini usiku atarudi salama? Hoja ya haki ilikuwa imeiangusha Athens mwaka 1990. Miaka saba baadaye Athens ilikuwa imeiacha, na Cape Town ndiyo iliyoishika.

Suala la usalama halikuwa uzushi wa magazeti ya Ulaya. Uhalifu wa Afrika Kusini katika miaka ile ulikuwa mkubwa na wananchi wenyewe ndio waliokuwa wakizikwa. Inapasa kusema pia kwamba Stockholm ilikuwa na yake: uwanja wake wa Olimpiki ulishambuliwa kwa mlipuko Agosti ileile. Ila mlipuko mmoja Sweden ulionekana kama tukio, na uhalifu wa Afrika Kusini ukaonekana kama hali ya hewa. Hapo napo upendeleo ulifanya kazi yake.

Na kuna jambo ambalo mzee wa reli hakuliona, wala mimi sikuliona kwa muda mrefu. Aliuliza "Hata na Mandela?" kwa sababu Mandela alikwenda Lausanne mwenyewe kuomba. Hakuna mji mwingine uliokuwa na mtu wa uzito ule. Lakini mwenyeji wa 2004 anachaguliwa kwa ahadi ya miaka saba mbele, na Mandela alishasema wazi atatawala kipindi kimoja tu. Muhula wake uliisha 1999. Desemba ileile ya 1997 alikabidhi uongozi wa ANC kwa Thabo Mbeki. Mdhamini mkuu wa ombi alikuwa anaaga. Nchi yenyewe ya kidemokrasia ilikuwa na umri wa miaka mitatu na miezi minne. Kilichokuwa fahari kubwa ya ombi, yaani kwamba nchi ni mpya na ina Mandela, ndicho kilichoacha swali bila jibu: akiondoka, je?

Nyumbani nako hapakuwa na sauti moja. Serikali ya ANC ilikuwa imeahidi nyumba milioni moja ndani ya miaka mitano, na watu wa vibanda vya mabati walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini fedha zisianzie kwao. Waandaaji walijibu kwamba Olimpiki yao ni ya maendeleo. Jibu zuri, lakini mtu anayesubiri bomba la maji hulipokea kwa shaka, nami nisingemlaumu.

Nikitafuta kosa moja la mpangilio, kosa ambalo lingeweza kuepukwa, nalipata kwenye kalenda. Afrika Kusini iliandaa Michezo ya Afrika Johannesburg, Septemba 1999. Miaka miwili baada ya kura! Raga ya 1995 na soka la 1996 vilikuwa vyema, lakini kila kimoja kilikuwa mchezo mmoja. Michezo ya Afrika ndiyo ingeonyesha kwamba nchi inaweza kubeba michezo mingi kwa mara moja, na ilikuja wakati mlango umeshafungwa.

Linganisha na Rio, ile iliyokatwa Machi 1997 hata kabla ya fainali. Ikaomba tena ya 2012, ikakatwa tena kabla ya kura. Haikukaa kulia. Mwaka 2007 iliandaa michezo ya mabara ya Amerika, michezo mingi kwa pamoja. Oktoba 2, 2009, kule Copenhagen, kwenye kura ya Olimpiki ya 2016, ilifika na ramani ya dunia iliyotiwa alama kila mahali Olimpiki ilipowahi kufanyika: Ulaya imejaa, Amerika Kusini tupu. Ni hoja ileile ya Cape Town, ya bara ambalo halijawahi. Safari hii ilishinda. Chicago, iliyopelekewa Rais Barack Obama mwenyewe, ilitoka mzunguko wa kwanza kwa kura 18. Rio ilianza ya pili kwa kura 26, nyuma ya Madrid yenye 28, ikamaliza na 66 dhidi ya 32. Kwa hiyo kusema hoja ya haki haifai ni makosa. Ilihitaji kusimama juu ya kitu ambacho wapiga kura wameshakiona kwa macho.

Na Rais Obama kushindwa kule kulinipa faraja kidogo kwa ajili ya yule mzee. Hata yeye.

Yaliyofuata

Desemba 1998 ilifichuka kashfa ya Salt Lake City: wajumbe walikuwa wakipokea zawadi na misaada kutoka kwa miji inayoomba. Wengine walifukuzwa, wengine wakajiuzulu, na wajumbe wakapigwa marufuku kutembelea miji inayogombea. Kura ya 1997 ilipigwa kabla ya usafi huo. Siitumii kashfa hiyo kueleza ushindi wa Athens, sina haki hiyo. Naitaja kwa kuwa kampeni ya zama zile iliendeshwa kwa ugeni na ukarimu wa gharama, na mji wa nchi yenye mahitaji mengi ulikuwa unashindana na wenye mifuko mirefu.

Afrika Kusini iliendelea kuomba. Julai 6, 2000, mjini Zürich, ilikosa Kombe la Dunia la soka la 2006 kwa kura 12 kwa 11 dhidi ya Ujerumani, baada ya Charles Dempsey wa New Zealand kutopiga kura. New Zealand tena, mzee angesema. Hiyo ndiyo iliyokuwa karibu. Mei 2004 ikapata ya 2010 kwa kura 14 dhidi ya 10 za Morocco. Na Julai 6, 2010, miaka kumi kamili tangu siku ile ya Zürich, Uholanzi na Uruguay zilicheza nusu fainali Cape Town, katika uwanja mpya wa Green Point. Wapo wanaosema heri Cape Town ilikosa, wakionyesha viwanja vya Athens vilivyoota majani. Sikubaliani nao. Athens ilijenga vingi ambavyo haikujua itavifanyia nini. Cape Town ilikuwa imepanga kujenga mahali ambapo watu tayari walikuwa hawana kitu. Ingeweza kuharibika, kama Durban ilivyonyang'anywa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022 mwaka 2017 kwa kushindwa kutimiza masharti. Lakini mpango wake haukuwa wa Athens.

Kilichobadilisha mambo kwa Afrika hakikuwa hotuba bora. Zilibadilishwa kanuni. Ilipofika zamu ya Olimpiki ya Vijana ya 2022, kamati ya kimataifa iliamua mapema kwamba itafanyika Afrika, na waliobaki kushindana ni Botswana, Nigeria, Senegal na Tunisia. Oktoba 2018 ikapewa Dakar, kisha ikasogezwa hadi 2026. Hapakuwa na Roma kwenye karatasi ile. Zile kura 62 dhidi ya 44 za mwaka 1997, mimi nazisoma hivyo: Cape Town ilipowekwa kwenye swali la namna hiyo ilishinda, ikapoteza swali lilipobadilika.

Sisi wa Kigoma tunalijua jambo hili kwa miguu yetu. Julai 25, 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa hapa, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, bao moja la Taddeo Lwanga. Fikiria kama uwanja wa fainali ungepigiwa kura, Kigoma dhidi ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Tungepata ngapi? Fainali ilitufikia kwa sababu ilikuwa inazungushwa: Lindi 2019, Sumbawanga 2020, uwanja unaoitwa Nelson Mandela, sisi 2021, kisha Arusha na Tanga. Siku ile nyumbani kwetu tulilaza wageni sebuleni na ukumbini, na asubuhi foleni ya choo ilifika uani. Nilifurahi kuliko siku nyingi za maisha yangu. Nilijiuliza pia, kichinichini, wangekaa wiki tatu ingekuwaje.

Sasa hiyo barua. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Tanzania, Kenya na Uganda, na vijana wa Mwanga wanajua kwamba mechi hazitakuja huku. Wanachotaka ni mashindano ya vijana ya nchi za ziwa: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, Kigoma ikiwa mwenyeji. Wazo zuri sana. Bujumbura, Kalemie na Mpulungu zote zinafikika kwa maji kutoka bandari yetu. Waliniletea barua niisome kama mwalimu wao wa zamani. Sentensi ya kwanza ilisema: "Kigoma imesahaulika kwa muda mrefu."

Niliwasomea kura za Lausanne, mzunguko kwa mzunguko, tukaziandika ubaoni. Mmoja wao, binti anayecheza winga, alisimama akaenda kuzungushia duara ile 62, akarudi kukaa bila kusema kitu. Kisha wakaanza kubishana kuhusu sentensi ya kwanza. Wawili hawakutaka ifutwe, wakasema ni kweli, kwa nini tuifiche. Niliwaambia isifutwe, ishushwe ukurasa wa pili. Ukurasa wa kwanza tuweke fainali ya 2021, kisha vitanda: vingapi, wapi, bei gani, vyoo vingapi kwa vyumba vingapi.

Hakuna aliyekuwa na tarakimu hizo. Jumamosi hii wanaanza kuhesabu gesti, kutoka stesheni kupanda Mwanga, na wiki inayofuata Ujiji.